Doto Hatoki Nyumba Hii

Mwanangu Zuwena,

Anayekuandikia ni baba yako, mwenye miaka sabini na nne kwa pasi ya kusafiria. Kwa hesabu ya bibi yangu aliyenilea ni zaidi, ila sikubishana na afisa wa pasi, kwa sababu aliniandika mdogo na mie nikaona raha. Nimeishi kuliko baba yangu, kuliko ndugu yangu wa tumbo moja, kuliko masultani wawili na mapinduzi, kuliko malori manne ya tangi la maji, na kuliko yule daktari wa Ibra aliyeniambia nisipoacha chumvi sitofika sabini. Mwenyewe alikuwa kijana. Nilikwenda mazikoni kwake, Mungu amrehemu, na chumvi nakula.

Nataja haya ujue kwamba mtu aliyeyapita yote hayo hatishwi na kalamu, ingawa kalamu hii tangu sala ya alasiri inanitoa jasho kuliko usukani. Unazijua herufi zangu. Kiarabu nasoma cha msahafu tu, na hizi nyengine nilijifunza forodhani Unguja, kabla ya kuja huku Omani, kwa kusoma yaliyopigwa chapa juu ya magunia. Ndiyo maana neno mchele naliandika vizuri kuliko jina lako. Usicheke. Wewe ndiye uliyekuwa ukitusomea barua za shangazi yako tangu mdogo, basi na hii utaiweza.

Mama yako atakupa karatasi hizi ukishasali alfajiri, kabla Said hajaanza kupakia gari. Uzisome kabla hamjapakia, si njiani. Nasema tena: si njiani.

Habari za maziwa, za dawa ya homa, za nani alazwe upande wa ukutani, sitoandika. Hayo mama yako anakwambia tangu mwezi uliopita, na nikitia langu atasema nimekosea, na nitakuwa nimekosea kweli. Mie nataka kukwambia habari ya dari.

Sheria ya nyumba hii unaijua. Joto likikaza, magodoro yanapanda darini, juu ya paa, na hayashuki mpaka niseme mie. Wenzetu wote hapa Bidiya wana mashine za baridi. Mama yako anayo yake chumbani, ameifungia mlango kama bibi harusi. Mie nalala juu. Na tangu wanao walipojua kupanda ngazi kwa magoti wakawa wanalala juu na mie, Kurwa mkono wa kulia, Doto mkono wa kushoto, na nani kama mie! Kwenye vyeti wameandikwa Mazin na Thuraya, na kwa baba yao huko Birkat al Mauz hawajui majina mengine. Lakini pacha aliyetangulia ni Kurwa na anayefuata ni Doto, ndivyo tunavyoita sisi, na wao wenyewe ukisema Mazin na Thuraya wanageuka kutazama nani kaja.

Siku waliyozaliwa sikukwambia yaliyonipata. Mie nilikuwa nimeshatangaza mtaa mzima kwamba tumboni yumo mtoto mmoja, mkubwa, kama nilivyokuwa mie. Pale Ibra nesi wa Kihindi akatoka na Kurwa, nikamuadhinia sikioni, nikamrudisha. Punde akatoka tena. Nikamwambia, "Huyu nimeshamwona, sista, mrejeshe kwa mama yake asipate baridi." Akasema, "Mzee, huyu mwengine." Nikamwambia asinifanyie mzaha mtu mzima. Ikabidi afungue nguo kidogo anionyeshe kuwa ni wa kike. Basi Doto na mie tulianza kubishana hata hajafungua macho, na mpaka leo hatujamaliza, na kwa sababu hiyo moyo wangu ulimwendea yeye. Watu walidhani nitamtaka wa kiume. Kurwa ni mtoto mwema, anakubali kila kitu. Doto ananiuliza kwa nini.

Sasa, safari yenu. Said alipokuja kutuambia kwamba nyumba yenu inakwisha kujengwa na kazi ya hospitali ya Nizwa kaipata, kwamba hatorudi tena kule kwenye visima vya mafuta akawa anakuja kwako kama mgeni, alinikalia mbele kwa adabu. Akaniita Ammi, kama wao wanavyomwita baba mkwe. "Ammi, wakishashuka darini nitakuja kuwachukua." Hakutaka watoto wapate joto njiani. Nikamjibu inshallah.

Basi mwaka huu joto likakataa kwisha. Kwa amri yangu.

Kila mtu alikuwa akijua. Tende zilishakatwa, zikaanikwa, zikajazwa. Mashambani watu wanapanda vitunguu thaumu, na maji ya falaji, mfereji wetu wa mashamba, asubuhi ukitia mkono unauchomoa mbio. Mselem wa duka la pampu, tuliyetoka naye Unguja, akiniona natoka msikitini ananipigia kelele, "Vipi huko juu, barafu imeshaanguka?" Namjibu, "Joto hili, yakhe! Sikupata usingizi." Na chini ya kanzu nimevaa fulana mbili. Mama yako kila jioni akawa anaweka blanketi jengine kwenye ngazi, hasemi kitu. Siku moja akashindwa kujizuia, akasimama uani, akaita, "Baba Zuwena! Hicho kiangazi chako kinataka mablanketi mangapi?"

Ikaja ile asubuhi ya umande. Tumeamka mito imelowa, magodoro yamelowa, ndevu zangu zimelowa. Doto akakaa kitako, akapapasa chini yake, akapapasa kwa Kurwa, akapapasa kwangu. Akatazama sakafu yote inavyong'aa maji mpaka ukingoni.

"Babu," akasema, "dari imekojoa."

"Si sisi," akasema Kurwa.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kurwa naye akakohoa, na kikohozi chake hakikuwa cha kuniigiza. Ukapanda ngazi ukamchukua bila ya kunitazama. Siku ile magodoro yalishuka. Sikusema mie. Yalishushwa.

Alhamisi yake Said akaja, nikamchukua sabla, kule ukumbini kwetu wanaume, tunywe kahawa. Nilikuwa na moyo mbaya tangu nyumbani. Mselem kuniona tu akaanza.

"Haya, wamekushusha! Sasa wajukuu wanahama, utabaki na mbuzi. Na hao mbuzi usiwasimulie habari za malori, watahama na wao."

Watu wakacheka. Said akatabasamu kidogo, akainamia kikombe chake.

Mie nikasema, "Mungu kawapa wawili. Mmoja ni wao, mmoja ni wangu. Doto anabaki."

"Maneno ya kahawa hayo," akasema Mselem. "Kesho utayasahau."

Ningekaa tu, mwanangu. Nikasimama. Nikanyanyua mkono mbele ya wazee wote nikasema, "Wallahi, Doto hatoki nyumba hii!"

Sheikh Khalfan, anayetusalisha, alikuwa anataka kunywa, akakirudisha kikombe chini. Said akaniangalia, kisha akaangalia mkeka. Akasema taratibu, kwa Kiarabu, "Amri yako, Ammi."

Niliporudi nikakwambia na wewe. Ulikuwa unakunja nguo zao. Ulisema, "Sawa, Baba," ukaendelea kukunja. Nikaona mambo yamekwisha. Nikala, nikashiba, nikalala. Nilizoea kwamba mtu akisema sawa, basi ni sawa.

Usinione nilitaka jambo la ajabu. Kwetu mtoto kupewa bibi yake amlee ilikuwa ni heshima, wala hakuna aliyelia. Mie mwenyewe niliachishwa ziwa Pemba, kwa wazee wangu, nikapelekwa Unguja mjini kwa bibi. Alinilea kwa samli na bakora, vyote viwili vya daraja la kwanza, na mifupa yangu unaiona. Ndugu yangu Seif alibaki Pemba. Nilikuwa namwona sikukuu hata sikukuu. Tunakalishwa juu ya kochi moja, yeye na kofia yake mpya, mie na yangu, kama wagonjwa wanaomngoja daktari. Hakuna wa kuanza kusema. Tulipofika ukubwani tukawa vile vile. Tulipokuja Omani yeye akakaa Sur, mie hapa, na Sur si mbali kwa mtu mwenye lori. Nikenda nabeba tende, ananipa samaki, tunaulizana hali, narudi. Hatukugombana hata siku moja. Nilikuwa nikijisifia hilo.

Seif alipofariki ulikuwa mdogo, hukwenda. Nikakaa mwanzo wa safu kupokea mikono ya watu, kwa kuwa mie ndiye ndugu. Watu wa Sur wanakuja mmoja mmoja. Huyu ananiambia, "Tutakosa kicheko chake." Mie sikuwahi kumwona Seif akicheka hasa, alikuwa akinichekea kwa meno ya mbele tu, kama mtu anavyomchekea mgeni. Mwengine akanishika bega, mtu mzima, machozi yanamtoka, akasema, "Na ile hadithi yake ya punda wa baba yenu! Kila tukikutana tulikuwa tunamwambia atusimulie tena. Wewe ulikuwepo, tusimulie basi, tupate kumkumbuka."

Nikasema, "Ah, ile."

Punda gani? Sijui. Nilimaliza siku za msiba nikisema "ah, ile" kwa kila mtu, na wakaniona nina uchungu siwezi kusema. Mpaka leo, mama, sijui yule punda alifanya nini.

Haya sikuyafikiria nilipoapa. Nimeyafikiria baadaye, na aliyenifikirisha ni mwanao.

Ulipokwenda na Said kutazama nyumba na kumwamkia mama yake, ulimchukua Kurwa, ukamwacha Doto azowee. Hivyo tulivyokubaliana, yaani nilivyosema mie. Kurwa alilia mpaka gari ikakata kona. Doto hakulia. Nikamwambia mama yako, "Unaona? Damu yangu hii."

Mama yako akasema, "Ngoja."

Wewe unajua walivyogawana kazi hawa watoto. Doto anafukuza mbuzi, maana Kurwa anawaogopa. Kurwa anaonja maziwa kwanza na kusema kama ni ya moto. Na wageni wakija Doto hasemi, anamnong'oneza Kurwa, na Kurwa ndiye anayesema kwa sauti. Mie nilikuwa nikiona ni mchezo. Asubuhi ile Doto akapewa kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akangoja. Bibi yake akaonja, akamwambia, "Si ya moto, mwanangu, kunywa." Doto akamtazama kama kadhi anavyomtazama shahidi aliyekwisha kupokea chake. Hakunywa. Akenda uani akawafukuza mbuzi wote mpaka nyuma ya banda, halafu akarudi akafungua mlango wa jikoni, akaushikilia wazi, akasimama. Mama yako akamuuliza, "Unamfungulia nani?" Akaufunga.

Siku ya pili yake akaja mke wa Mselem na biskuti. "Thuraya, hujambo? Umebaki na Babu? Utamfanyia nini Babu?" Doto akanijia, akanivuta sikio. Kumbe nimepewa kazi ya Kurwa! Siwezi kukwambia nilivyofurahi, nilijiona nimepandishwa cheo. Nikainama. Akaninong'oneza maneno mengi, pumzi yake ya moto, na sikio lenyewe ndilo lile bovu, lililokuwa upande wa injini miaka yote.

Nikatangaza, "Anasema hajambo."

Akatikisa kichwa. Akanivuta tena, akanong'ona marefu zaidi, anasita, anaanza upya, kama mtu anayemweleza fundi gari inavyolia.

Nikasema, "Anasema hajambo sana."

Doto akaniachia sikio. Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya, maana kukasirika ni kwetu. Alinihurumia. "Siyo, Babu," akasema. "Hujui. Kurwa anajua." Na hakusema tena na mtu yeyote siku ile.

Mie nikatoka nikakaa barazani. Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe kule Sur.

Mliporudi ulikuwa unashusha mizigo, hukuona vizuri. Nilidhani watakumbatiana. Hawakukumbatiana. Kurwa aliteremka, Doto akamfuata, akamshika sikio, akanong'ona, akanong'ona, mpaka Said kashusha kila kitu. Kisha Kurwa akasimama katikati ya ua akatusomea mashtaka yote: "Anasema maziwa ya Bibi ya moto. Anasema mbuzi mweusi kala kiatu. Anasema biskuti hataki za kahawia. Anasema Babu hasikii." Wewe ulicheka. Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta. Mie nikasema, "Nani hasikii?" ili watu wapate kucheka zaidi.

Hapo bado nilikuwa nimeshikilia kiapo changu. Lazima ujue hivyo, usije ukadhani baba yako ni mwepesi.

Jioni nikamchukua Said na gari yake tupeleke tende kwa Mabedui wangu, niliokuwa nikiwapelekea maji, upande wa Al Mintirib. Nikamwambia nitaendesha mie, ajifunze. Unajua mie sijawahi kukwama mchangani. Kila mtu anajua, nimeshawaambia. Said akauliza kama tupunguze upepo wa matairi kwanza. Nikamwambia matairi yanapunguzwa na watalii. Hatujafika hata kilima cha pili gari ikakaa chini kama ngamia aliyechoka. Nikakanyaga mafuta, ikazidi kuzama. Nikakanyaga tena, kwa hasira, mpaka mchanga ukafika mlangoni.

Said akateremka. Akachuchumaa kama anafunga kiatu, na nikasikia matairi yanatoa pumzi, moja baada ya jengine. Akarudi akasema, "Jaribu sasa, Ammi." Gari ikatoka. Akaniangalia, akasema, "Upepo umeuhamisha mchanga mwaka huu. Zamani njia haikuwa hivi." Na tulipopita sabla tumechelewa, Mselem akauliza tulikuwa wapi, Said akamjibu, "Nilimwomba Ammi anionyeshe jangwa."

Mwanangu, pale ndipo nilipoingiwa na hofu. Nilijua mtu huyu ataninyamazia kila kitu. Atamwacha mtoto wake kwangu, atakuja Alhamisi kwa Alhamisi, atanibusu kichwa, na hatosema neno, nikiwa hai wala nikiwa kaburini. Na wewe ulishasema sawa. Ndani ya nyumba hii hapakuwa na mtu wa kunizuia. Mama yako pekee angeweza, na yeye alikuwa ananingoja nijizuie mwenyewe, kwa sababu anajua akinisukuma naganda.

Juzi nikapita mlangoni kwako. Ulikuwa chini, unatenganisha nguo zao. Zimechanganyika tangu wamezaliwa, hakuna ajuaye ipi ya nani. Ulikuwa umeshika kifulana cha manjano. Unakiweka fungu hili, unakitoa, unakiweka lile, unakitoa. Hukulia. Ungelia ningeingia nikakugombeza. Nikatoka mbio kwenda kwa Sheikh Khalfan, na kufika kwake ndipo nikaona nimevaa makubadhi ya mama yako.

"Sheikh," nikamwambia, "kuna mtu ameapa."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Wa Ibra."

"Na huyo mtu wa Ibra kaapa nini?"

"Jambo la kizee."

Sheikh akayatazama makubadhi, na maua yake. Akasema, "Mwambie huyo mtu wa Ibra, akiapa kisha akaona kheri iko upande mwengine, aende kwenye kheri, na kiapo akitolee kafara. Alishe masikini kumi, chakula kile anachokula yeye na watu wake."

"Ni mtu mwenye jina, Sheikh. Hajavunja kiapo tangu azaliwe."

"Basi avunje hiki kimoja, ajue wenzake wanavyoona. Na mwambie asiwape wali mtupu. Mie mwenyewe nitakuja kutazama nyama."

Leo asubuhi ulipoona sufuria kubwa inatoka ukaniuliza ni ya nini, nikakwambia sadaka ya marehemu Seif. Nilikudanganya, ila si wote ulikuwa uongo. Mama yako ndiye wa kwanza kujua. Aliniona naihangaikia sufuria peke yangu akauliza, "Nani kafa?" Nikamwambia, "Kiapo." Akakaa juu ya gunia, akajifunika uso kwa upindo wa kanga, na mabega yanamtikisika, na sikujua analia au anacheka, na kwa miaka hii arobaini na kitu sijawahi kujua kutofautisha. Kisha akainuka akasema, "Mchele huo haukutoshi. Leta mwengine, na uondoke jikoni."

Basi nakuandikia lile ambalo kwa mdomo sitoliweza, kwa sababu nitakohoa. Doto anakwenda. Zichanganye nguo zao kama zilivyokuwa. Hicho kifulana cha manjano kitie popote. Wapakie wote wawili, kiti kimoja, nyuma, mtu na mwenzake.

Usije ukanishukuru mbele ya watu. Niage kama siku zote. Nikimwambia Mselem kwamba mie ndiye niliyekufukuzeni kwa sababu ya kelele, usinikanushe. Said usimwambie kitu njiani. Mwache afike nusu ya safari, ageuke nyuma mwenyewe, aone.

Nilikulea useme sawa, na nilikufundisha vizuri sana, kama ninavyofanya kila kitu. Ukisema sawa nyumba nzima inatulia. Sasa nakuomba huko unakokwenda, jambo usilolitaka useme hulitaki. Mama mkwe wako ni mtu mwema, haumizwi na hilo. Said pia mwambie, maana nyie wawili mkianza kunyamaziana kwa adabu hakuna atakayejua mnataka nini, hata mnakula nini. Na mie niambie. Nitakasirika, nitapiga mlango, kisha nitakuja. Inanichukua muda tu. Safari hii nimechukua wiki mbili, na kwangu mie huo ni mwendo wa mbio.

Doto akikuvuta sikio na Kurwa hayupo, inama mpaka amalize. Usimkatishe kwa kusema "hajambo." Kurwa naye mpeleke kwa mbuzi wa jirani kidogo kidogo, mwenzake akiwa karibu.

Wakija kiangazi waje wote. Mmoja sitompokea, nitamrudisha na gari ile ile. Wakigombana, wagombane hasa, usikimbilie kuwaachanisha. Wakizushiana hadithi na kupigania nani alikuwepo na nani hakuwepo, waache wapiganie. Nataka siku moja, sisi hatupo, mtu amuulize mmoja wao habari ya mwenzake, naye aisimulie mpaka watu waombe anyamaze.

Mie nabaki na mama yako na mbuzi. Usinionee huruma. Kazi ninayo: nina zamu yangu ya maji ya falaji, nina Mselem wa kugombana naye, na lazima niizowee ile mashine ya baridi, ambayo mama yako ananiambia saa hizi haiwashwi tena, ni msimu wa baridi. Sijakubali. Mie naona bado kuna joto.

Akitokea mtu, hapa Bidiya au huko Nizwa, akasema mzee wa matangi ya maji alivunja kiapo chake asikitolee kafara, mwambie aulize. Sheikh Khalfan alikuwepo pale uani kwa msikiti, na nyama aliitazama kwa karibu sana. Abdul Karim, yule Mbangali anayemwagilia mitende, alikuja na wenzake wanane, na wa kumi alikuwa yule mlinzi mkongwe wa skuli, na wote walikula wakaongeza. Mama yako atakwambia wali kapika yeye, na ni kweli, lakini moto nilichochea mie. Na wako wale wawili wenyewe, uliodhani wamekwenda kucheza. Mmoja alimimina maji ya kunawa, mmoja alizungusha taulo, wakalowa wote mpaka kiunoni. Nguo zao bado mbichi, ziko kwenye kamba nyuma ya jiko. Zianue zote mbili.

Baba yako